Maisha ya Sayyida Salme bint Said (1844–1924) na Mafunzo kwa Wazazi wa Zama Zetu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, makala hii imetokana na suali tuliloulizwa Rusimbi, Kigoma, tulipoalikwa kusomesha darasa kwa siku chache. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mzee mmoja aliyewahi kuvua dagaa kwa miaka mingi alituomba tubaki naye barazani. Ziwani taa za wavuvi zilikwisha kuwashwa. Akatueleza kuwa binti yake amepata nafasi ya kusoma Ujerumani, katika mji wa Jena, na kwamba amesikia kuwa sisi tumewahi kufika mji huo.

Mzee huyu si mtu wa kupinga elimu. Khofu yake ilikuwa nyengine. Alikuwa amesikia kwamba zamani binti wa Mfalme wa Unguja alikwenda Ujerumani, akaacha dini, akafia huko huko. Akataka kujua ilikuwaje, na yeye amfanyeje binti yake.

Tulimjibu kwa ufupi usiku ule, tukamuahidi kuandika kwa urefu. Tunajua suali lake ni la wengi, maana leo hakuna mtaa Unguja wala Pemba usiokuwa na mtoto aliye Ulaya.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo na kuuzwa mbali na kwao. Jambo hili msomaji aliweke akilini, tutalirudia.

Mtoni ilikuwa nyumba ya watu wengi: masuria, watoto, watumwa, na lugha nyingi chini ya paa moja. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi yeye na mama yake walihamia kwa kaka yake Majid. Majid alimpenda, akamfunza kupanda farasi na kulenga shabaha kama wavulana.

Watoto wa jumba walisoma Qur'ani kwa mwalimu. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, lakini wasichana walifundishwa kusoma tu. Salme hakuridhika. Kwa siri alianza kuiga herufi za Msahafu, akiandika juu ya mfupa wa bega la ngamia, mpaka mkono ukazoea. Kwa hivyo Kitabu cha Mwenyezi Mungu ndicho kilichomfunza kuandika. Wala hatujui katika dini yetu hoja iliyo madhubuti ya kumnyima mtoto wa kike kalamu. Ilikuwa ada ya watu tu, wakaipa sura ya dini.

UGOMVI WA NDUGU

Mwezi wa Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini, akirudi kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12. Alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la mirathi: fedha na shamba. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kilimchukua mama yake. Akawa yatima wa pande mbili, katika nyumba ambayo ndugu walikwisha kuanza kutazamana kwa jicho baya.

Majid alikuwa amekalia kiti cha Zanzibar. Barghash, ndugu yake, alikitaka. Mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua Majid, Salme alivutwa upande wake, khasa kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa dada yake Khole. Na kwa kuwa alijua kuandika, yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za siri. Wakati ule hakuwa hata na miaka 16.

Mpango ule ulishindwa. Waingereza walimsaidia Majid kwa manuwari, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake, na baadaye walipatana. Lakini kupatana kule kulimkasirisha Khole na wote wa upande wa Barghash. Salme akajikuta katikati: aliowaandikia barua wamemsusa, na aliyempinga ndiye aliyemsamehe. Alikaa muda mrefu mashambani, Kizimbani na Bububu, mbali na watu. Tunalitaja hili kwa sababu wengi wanaosimulia khabari zake huanzia kwa yule Mjerumani, kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Alipokutana naye alikuwa msichana asiye na baba wala mama, na ndugu waliomgawa vipande.

KUONDOKA UNGUJA

Aliporudi mjini, nyumba yake ilikuwa jirani na ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Heinrich Ruete. Walizoeana, na mwaka 1866 alikuwa mja mzito.

Hapa hatuna haja ya kupamba wala kuficha. Zinaa ni haramu, na mwanamke wa Kiislamu kuolewa na asiyekuwa Mwislamu ni jambo wanavyuoni wote wamekubaliana kuwa halijuzu. Hilo halibadiliki kwa kuwa mhusika ni binti wa mfalme. Lakini kosa ni jambo moja, na yanayofuata baada ya kosa ni jambo jengine.

Mwezi wa Agosti 1866, usiku, aliondoka katika manuwari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Hapo alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Aden, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na Ruete. Kisha wakaelekea Hamburg. Yule mtoto wa kwanza hakufika. Alifariki njiani.

Mtu huuliza kama alibadilisha dini kwa kuiamini ile mpya. Katika barua alizoziandika baadaye, ambazo zilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake, anaeleza kuwa alibatizwa bila ya kufundishwa anachokiingia, na kwamba moyo wake ulibaki bila ya pa kutua. Maneno hayo ni ya kuhuzunisha. Hatuyataji kumtetea, bali mzazi ajue kuwa mtu anaweza kupoteza dini bila ya kuwa ameikataa. Anaweza kuipoteza kwa kukosa mtu wa kumshika mkono siku aliyokwama.

UJANE KATIKA NCHI YA BARIDI

Hamburg walizaliwa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Mwezi wa Agosti 1870 Ruete alipatwa na ajali ya tramu ya farasi, akafa. Salme akabaki mjane wa miaka 25, na watoto watatu wachanga, katika nchi asiyoijua lugha yake vizuri wala sheria zake.

Mwaka huo huo Majid alifariki, na Barghash akawa Sultani. Yule aliyewahi kumtumia dada yake kuandika barua za siri ndiye sasa mwenye amri. Na mwaka uliofuata, 1871, Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, jirani na pale Rusimbi tulipokaa na mzee wetu. Wazungu walizunguka Afrika nzima kumtafuta mtu wao aliyekuwa hana khabari. Binti wa Sayyid Said alijulikana alipo, na hakuna wa kwao aliyekwenda kumuangalia.

Alihamahama mji baada ya mji, akiishi kwa kusomesha Kiarabu na kwa fedha iliyokuwa ikipungua. Mwaka 1886 alichapisha Berlin kitabu cha kumbukumbu zake, kwa Kijerumani. Ni katika vitabu vya mwanzo kabisa ambamo mwanamke wa Kiarabu anasimulia maisha yake mwenyewe, na mpaka leo mtafiti wa maisha ya Zanzibar ya karne ile hawezi kukiacha.

MLANGO ULIOFUNGWA

Mwaka 1875 Barghash alikwenda London. Salme akamfuata kwa matumaini ya kuonana naye. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakubwa wa Kiingereza walimzuia asimuone nduguye, wakimuahidi kwamba watoto wake watasaidiwa, na ahadi ile haikutimizwa. Alirudi Ujerumani mikono mitupu.

Miaka kumi baadaye mlango mwengine ukamfungukia, nao ulikuwa mbaya zaidi. Ujerumani ilikuwa imeanza kuchukua ardhi ya bara, na Barghash alikuwa akipinga. Mwezi wa Agosti 1885 manuwari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani. Salme na watoto wake waliletwa pamoja na msafara huo. Madai yake ya mirathi yalikuwa kweli, lakini serikali ya Bismarck haikumleta kwa kumuonea huruma. Alikuwa fimbo ya kumtishia ndugu yake. Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani kuhusu bara, fimbo ile ikawekwa kando.

Barghash hakukubali kumuona. Lazima tumfanyie uadilifu na yeye: dada anayekuja nyuma ya mizinga si rahisi kumfungulia. Na katika mirathi alikuwa na hoja ya kisheria, kwani Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani. Lakini kutorithi hakumaanishi kutokutana. Alikuja tena mwaka 1888, Barghash amekwisha kufariki, akiwa na matumaini kwa Sayyid Khalifa. Hata mara hii hakupata alichokijia.

Baada ya hapo hakurudi kuishi Ujerumani. Alikaa Jaffa, kisha Beirut, hadi mwaka 1914. Miaka ishirini na zaidi aliishi katika nchi za Waislamu, pahala inaposikika adhana. Mwaka 1914, mwaka ule ule reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma, aliiacha Beirut akarudi Ujerumani.

JENA

Miaka ya mwisho aliishi kwa binti yake Rosalie, Jena. Tumefika mji huo kwa shughuli za chuo kikuu, mwishoni mwa mwezi wa Februari. Uko katika bonde la mto Saale, umezungukwa na vilima vya mawe ya chokaa, na kituo kimoja cha treni kinaitwa Paradies, yaani Peponi. Tulitabasamu kuliona jina hilo, huku baridi ikitutoa machozi.

Chuo kikuu cha Jena kilianzishwa mwaka 1558, miaka 140 kabla ya Waomani kuwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa. Leo kinaitwa kwa jina la mshairi Schiller, aliyewahi kusomesha tarekhe hapo kuanzia mwaka 1789. Mjini humo pia Carl Zeiss alifungua karakana yake mwaka 1846, na lenzi zake zikaenea duniani. Ni mji wa vitabu na vioo. Wanafunzi wamejaa kila njia, na miongoni mwao wamo watoto wa Kiislamu kutoka Syria, Uturuki na kwengineko.

Chuo hicho kina hazina ya sarafu za mashariki iliyoanzishwa mwaka 1840, miaka minne kabla ya Salme kuzaliwa. Humo zimehifadhiwa dinari na dirhamu za makhalifa na wafalme wa Kiislamu, na nyingi zimechorwa shahada. Ilituingia moyoni kuwa katika mji ule ule ambao bibi yule alikuwa mgeni, kalima aliyofunzwa Mtoni ilikuwa imetunzwa ndani ya makabati kwa uangalifu mkubwa. Wataalamu waliisoma herufi kwa herufi. Yeye, aliyeijua tangu utotoni, hakuwa na wa kumsomea.

Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, siku ya Ijumaa, akiwa na miaka 79. Siku tatu baadaye ukhalifa wa Kiosmania ulifutwa Uturuki. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, upande wa mumewe. Inasimuliwa kuwa katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye. Alikuwa akiuhifadhi mchanga wa nchi ambayo watu wake hawakumfungulia.

Jioni ile Magharibi iliingia kabla ya saa kumi na mbili. Tulisali chumbani tulimofikia, tukamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu.

NENO LA MZEE WA PILI

Tuliposimulia haya Rusimbi, mzee mwengine aliyekuwa akisikiliza, ambaye wazee wake ni Wamanyema, alisema jambo ambalo hatuna haki ya kulificha. Alisema sisi watu wa visiwani tunamlilia bibi mmoja aliyetamani kwao, lakini wazee wake yeye walivushwa ziwa kwa mitumbwi, wakatembezwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi pwani, na hakuna aliyewawekea mchanga wa kwao.

Amesema kweli. Ujiji ilikuwa njia ya misafara, na utajiri wa majumba ya Unguja ulitokana na karafuu, pembe na watu. Salme mwenyewe, ambaye mama yake alitekwa na kuuzwa akiwa mtoto, katika kitabu chake aliutetea utumwa. Kwa sababu hiyo, mji wa Hamburg ulioupa uwanja mdogo jina lake mwaka 2019 uliliondoa mwaka uliofuata. Dini yetu imeifanya kuachia huru shingo kuwa ibada na kafara ya madhambi. Waliowawinda watu huru na kuwauza, hata wakiwa ni Waislamu wenzetu, walidhulumu, na kusema hivyo si kuutukana Uislamu. Anayedhulumiwa upande mmoja anaweza kudhulumu upande mwengine, na Mwenyezi Mungu anayajua yote mawili.

HUKUMU NA MAFUNZO

Kwanza, tumseme vipi Sayyida Salme? Kwa hukumu ya dhahiri, alitoka katika Uislamu na hatujui kuwa alirudi, kwa hivyo hatumsalii wala hatumuombei maghfira kama tunavyowaombea maiti wetu. Lakini Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatukana wafu, kwani wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Wala hatumkatii mtu kwa jina lake kuwa ni wa motoni, kwani khatima ya mtu baina yake na Mola wake hatukuwepo. Wanaomfanya kuwa mzaha, na wanaomfanya kuwa shujaa wa kuigwa, wote wamekosea.

Pili, udugu haukatwi. Asmaa binti Abubakar (R.A.) alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina. Akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge, naye akamuamrisha amuunge. Ikiwa mshirikina anafunguliwa mlango na mwanawe, basi mtoto aliyekosea vipi afungiwe na wazazi wake? Wazee wetu walisema mwana akinyea kiganja hakikatwi. Kosa huitwa kosa, haliitwi halali. Lakini aliyekosea asikute kuwa mlango pekee ulio wazi ni wa mgeni mwenye haja zake.

Tatu, binti na safari ya masomo. Asili ni kuwa mwanamke asisafiri bila ya maharimu yake. Wapo wanavyuoni walioruhusu penye amani na wenzake waaminifu, na wengine hawakuruhusu. Kila familia imuulize mwanachuoni inayemuamini, kwa hali yake.

Kwa mzee wetu wa Rusimbi nasaha zetu zilikuwa hizi. Usimzuie kwa ajili ya kisa cha Salme, kwani Salme hakupotezwa na kalamu. Ukimruhusu, ujue kabla atakaa wapi na nani, na umtafutie mapema Waislamu wa mji ule. Umfunze dini yake kwa dalili, isiwe kwa kumuamrisha peke yake. Mpigie simu, tena umuache na yeye aseme. Na usiku wa kuagana mwambie kwa mdomo wako kuwa akiteleza, Mungu apishe mbali, arudi nyumbani kabla hajakwenda kwa mtu mwengine yeyote.

Nasaha hiyo ya mwisho ndiyo iliyomnyamazisha. Akatuambia kuwa baba yake hakuwahi kumwambia neno kama hilo, na hajui ataanzaje. Tukamwambia aanze kwa mama wa binti, kisha waende wote wawili. Hadi tunaandika haya hajatupa khabari ameamua nini, na tunamuombea kheri.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali na walio karibu, azifanye nyumba zetu kuwa pahala pa kurejea, na atupe khatima njema.

Wallahu a'alam.